Nina kifafa, na kazi naitaka

Najua nimepotea wiki tatu nzima, na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko! Nipo, ila mitihani imekaribia, desa haziishi, na kuna jambo limenikaa kichwani ambalo nisipoliandika halitoki. Kwa hiyo leo hakuna habari za foleni ya kantini wala panya wa hosteli. Leo nina hasira, na nimeamua kuandika nikiwa nayo hivyohivyo.

Nimekaa kwenye kimbweta, saa kumi na moja jioni, na mbele yangu kuna fomu ya fildi. Kwa msiokuwa chuoni: masomo ya mwaka yakiisha tunakwenda kufanya kazi wiki kadhaa kwenye ofisi, tunasimamiwa, tunapewa alama. Ukibahatika ofisi inakupenda, ukimaliza chuo wanakuita. Mtoto wa mkulima kama mimi, asiye na mjomba wizarani, mlango wake ni huo. Sasa fomu ya ofisi niliyopata ina kurasa mbili. Jina, kozi, namba ya simu, mtu wa kuwasiliana naye. Halafu ukurasa wa pili, karibu na mwisho, wameuliza: "Je, una ugonjwa wowote wa kudumu? NDIYO / HAPANA. Kama NDIYO, eleza." Nafasi ya kueleza ni kamstari kamoja kafupi, hakatoshi hata jina la dawa yangu.

Fomu inatakiwa kesho saa nne asubuhi.

Mimi nina kifafa.

Haya, nimeshaandika, imekwisha. Miaka mitatu nimewaandikia hapa kuhusu bumu lililochelewa, kuhusu sapu yangu ya takwimu, hata kuhusu yule kaka wa maktaba (mnamkumbuka?), lakini hili sijawahi kuliandika. Chuo kizima wanaojua walikuwa wanne. Leo mmeongezeka.

Nimeomba ushauri kwa watu watatu kuhusu hiyo fomu. Mama, kwa simu, kutoka kijijini: "Mwanangu, weka hapana. Mungu atakufichia." Rumeti wangu, ambaye ameshaniona nikianguka mara mbili na anajua la kufanya kuliko manesi wengine: "We weka hapana, ukishapata utaona mbele ya safari." Na jamaa mmoja wa darasani, ambaye sikumwambia ni mimi, nilijifanya namwulizia binamu yangu. Huyu aliniangalia kama mtu anayeeleza kitu chepesi kwa mtoto, akasema: "Asiseme. Akisema hapati, na mwajiri ana haki kabisa. Ofisi si hospitali."

Watu watatu, sababu tatu tofauti, jibu moja: FICHA.

Sasa mimi nasema hivi, na ndiyo hoja yangu ya leo, mnipige mawe mkitaka: kwa mtu wa namna yangu kinachoharibu kazi zaidi ni huko kuficha kuliko kifafa chenyewe. Kifafa kinanichukua dakika mbili, pengine mara moja kwa miezi minane. Kuficha kunanichukua kutwa nzima, kila siku ya Mungu.

Naomba niwape mfano, kwa sababu najua mtasema huyu dada anapiga siasa.

Mwaka jana nilipata kazi kwenye steshenari moja nje ya geti. Sitaitaja, na mwenye kuijua anyamaze. Fotokopi, kuchapa barua, kubandika picha za paspoti, kufungasha ripoti za watu wanaokumbuka saa nne usiku kwamba kesho ndiyo siku ya kukusanya. Malipo shilingi 5,000 kwa siku. Wenye wazazi wenye nazo mtacheka, ila mimi ile hela ndiyo ilikuwa nauli, ndiyo chai, ndiyo dawa zile siku ambazo zahanati niliambiwa zimekwisha nikanunue duka la dawa. Kazi niliipenda, jamani. Nilikuwa najua ile mashine kubwa kuliko fundi wake. Karatasi ikikwama, mimi ndiye niliyeitwa.

Siku ya kwanza bosi aliniuliza: "Huna matatizo?" Nikasema sina. Angalieni swali lenyewe lilivyo. Huna matatizo. Ni nani duniani hana matatizo?

Basi nikaanza maisha ya mwizi. Dawa yangu inaitwa kabamazepini, nameza mara mbili, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Ya asubuhi nameza hosteli, haina shida. Ya usiku inanikuta kazini. Nikawa nakwenda kuimezea chooni, bila maji, kama mtu anayekula hela ya kikoba. Siku ambazo wateja wamejaa nasogeza hadi saa tatu, saa nne, siku mbili tatu nikasahau kabisa. Siku ya kliniki, mara moja kwa mwezi, nilikuwa namwambia bosi nina malaria. Mwezi wa pili malaria. Mwezi wa tatu tumbo. Mwezi wa nne nikamwua bibi yangu ambaye alishafariki mimi nikiwa darasa la pili. Marehemu anisamehe.

Na usingizi! Hapa ndipo penyewe. Daktari aliniambia toka nikiwa form one: mambo mawili yanayoita kifafa haraka ni kukosa dawa na kukosa usingizi. Duka lilikuwa linafungwa saa tano usiku. Nikirudi nasoma mpaka saa nane. Saa kumi na mbili na nusu nimeamka. Ningeweza kumwambia bosi, "Mama, naomba zamu ya mchana, nitafidia Jumamosi." Yupo mwenzangu aliyekuwa anaitaka zamu ya usiku kwa sababu mchana ana vipindi! Tungebadilishana na duka lisingepungukiwa hata karatasi moja. Lakini ukiomba zamu utaulizwa kwa nini. Na mimi kwa nini yangu ilikuwa haitajiki.

Mnakijua kilichotokea. Ilikuwa Alhamisi, msimu wa mitihani, duka limejaa. Nakumbuka harufu ya wino, nakumbuka kijana mmoja ananiambia "sista, kurasa mbilimbili", halafu sikumbuki. Niliyosimuliwa ndiyo haya: nilianguka nyuma ya kaunta, nikagonga kichwa kwenye ile meza ya chuma. Wateja wakakimbia nje. Mmoja akapiga kelele watu wasiniguse, eti povu linaambukiza. Mwingine, mwenye huruma zake, akanitia kijiko mdomoni kwa nguvu, ndiyo maana leo nina jino lenye pengo upande wa kushoto. Nilipozinduka nilikuwa nimelowa maji ya ndoo mwili mzima, damu mdomoni, na bosi amesimama mbali kidogo ameshika mkoba wake kifuani.

Kesho yake nilienda. Akanipa bahasha, hela ya siku kumi na moja, kamili, hakunidhulumu hata mia. Akasema, "Mwanangu, kwa nini hukuniambia?"

Nikamwuliza, "Mama, ningekuambia ungenichukua?"

Alinyamaza. Mpaka leo hajanijibu, na mimi sijamchukia. Alikuwa mwanamke mwema kwa mambo mengi. Ila nataka muone alichokifanya, kwa sababu wengi mnakifanya: kwanza unatengeneza mlango ambao mkweli hapiti, halafu unamlaumu aliyepita kwa uongo.

Sasa twende taratibu, maana najua wengine mmeshaanza kusogeza viti nyuma.

Kifafa ni nini? Ni ugonjwa wa mfumo wa fahamu. Seli za ubongo zinawasiliana kwa umeme mdogomdogo. Mara nyingine kundi la seli linatoa umeme mwingi kwa pamoja na mwili unafuata. Ndiyo hiyo tu, hamna pepo hapo wala mkono wa shangazi. Hakiambukizi kwa mate, kwa povu, kwa kugusa, wala kwa kurithi kazi ya aliyekuwa nacho. Shirika la Afya Duniani linasema watu wenye kifafa duniani ni kama milioni 50, na karibu asilimia 80 wanaishi kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kwetu huku. Na linasema hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kabisa kama wangepimwa na kutibiwa inavyotakiwa. Ulisikia, ewe mwenye kijiko? Saba kati ya kumi! Na dawa kongwe kabisa, fenobabitoni, inatumika kutibu kifafa tangu mwaka 1912. Ina umri mkubwa kuliko babu zetu wengi, na bado kuna mtu kijijini hajawahi kuiona.

Haya mimi sikuyasoma kwenye desa kwanza. Mimi ni wa Mahenge, wilaya ya Ulanga, kule Morogoro kusini. Kwetu kifafa kipo kingi mno. Watafiti wamekihusisha na mambo kadhaa, likiwemo usubi, ule ugonjwa unaoletwa na inzi weusi wa mitoni, na pia tegu wa nguruwe wanaofika ubongoni. Mwaka 1960 daktari mmoja mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge. Aliwakuta watu wenye makovu ya moto ya kutisha. Mnajua kwa nini moto? Mtu anaangukia jikoni, kwenye mafiga, na waliopo wanaogopa kumvuta kwa sababu "itaambukiza". Moto haukuwa ugonjwa wake. Moto ulikuwa ugonjwa wa waliosimama wakiangalia.

Mama yangu anasema "Mungu atakufichia" kwa sababu amekulia hapo. Ameona mtu mzima akilia chakula kwenye bakuli lake peke yake, akilala kibanda chake peke yake, jembe lake hakuna anayeligusa. Kwa mama, kuficha ni upendo. Namwelewa, na sitamkosea adabu hapa mbele yenu. Ila mama, nisamehe, upendo huo ndio ulionipeleka chooni na vidonge mkononi.

Narudi kwa yule jamaa wa darasani, msomi, wa "ofisi si hospitali". Kaka, umesema vizuri, ofisi si hospitali. Ofisi si hoteli pia, lakini mnakunywa chai. Ofisi si shule ya chekechea, lakini mama mwenye mtoto anayenyonya ana ruhusa yake kisheria. Ofisi si mahakama, lakini bosi akifiwa mnachanga na kazi zinasimama siku tatu. Kazi hufanywa na watu, na watu wana miili. Mwenye kisukari anakula kwa saa zake, mwenye pumu ana kile kichupa chake cha kuvuta, mwenye miwani anavaa miwani, na hakuna anayewaambia ofisi si hospitali.

Halafu tuulizane mahitaji yangu ni yapi hasa, maana mnavyoogopa mtu angedhani nataka gari la wagonjwa lipaki mlangoni. Nataka vitu vitatu. Zamu isiyokata usingizi wangu. Siku moja kwa mwezi ya kliniki, nitakayoifidia. Na wenzangu wawili watatu wafundishwe cha kufanya, somo la dakika tano: angalia saa, ondoa vitu vigumu vinavyoweza kuniumiza, weka kitu laini chini ya kichwa, nilaze ubavu, usinishike kwa nguvu, usinitie KITU CHOCHOTE mdomoni, usinimwagie maji, kaa nami mpaka nizinduke. Ikipita dakika tano sijatulia, au nikianguka tena kabla sijazinduka, hapo nipelekeni hospitali. Basi. Kijiko kirudi jikoni.

Sikatai kwamba zipo kazi si zangu. Sitaki kuwa dereva wa basi la Mbeya, sitaki kupanda nguzo ya umeme, sitaki kukaa peke yangu mbele ya tanuru. Najua, na hakuna aliye makini anayenililia nizipate. Hata hivyo, hata kwenye hayo watu wenye akili wanaweka masharti badala ya kufunga mlango milele. Uingereza, kwa mfano, mtu mwenye kifafa aliyekaa mwaka mzima bila kuanguka anaweza kuruhusiwa kuendesha gari lake dogo. Yaani wanauliza: wewe, na dawa zako, na rekodi yako, uko wapi sasa? Sisi tunauliza: jina la ugonjwa ni nani? Tukishalisikia tunafunga daftari.

Na msidhani sheria yetu inasema kama yule jamaa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa misingi mingi, ulemavu ukiwemo, na inahesabu hata hatua ya kuomba kazi. Inaruhusu tofauti pale kazi yenyewe, kwa asili yake, inapodai hivyo. Asili ya kazi! Nionesheni asili ya fotokopi inayokataa kabamazepini. Sheria hiyohiyo inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 kwa kila mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mimi kwa mwaka sihitaji hata 20.

Mtasema kifafa si ulemavu. Haya. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inauelezea ulemavu kama kupoteza au kupungukiwa nafasi ya kushiriki maisha ya jamii sawa na wengine, kwa sababu za kimwili, kiakili AU KIJAMII. Someni hilo neno la mwisho. Mimi nilipozinduka pale chini nilikuwa mzima baada ya nusu saa. Kilichonipotezea nafasi ni watu waliokuwa mlangoni. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri mwenye watu 20 na zaidi awe na wafanyakazi wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Swali langu kwa waajiri: mtawapataje hao asilimia 3, kama fomu yenu inawafundisha wote kuandika HAPANA?

Nikiri hapa pia, nisije nikaonekana wakili wa bei rahisi. Mimi pale steshenari sheria haikunigusa sana. Likizo hiyo haimhusu mwenye chini ya miezi sita kazini, na mimi nilikuwa na minne. Mkataba wa maandishi sikuwa nao. Na ndivyo tulivyo wengi: vibarua, mawakala wa kutuma hela, wauza vocha, wasusi, wapika chipsi. Mwaka 2022 nchi wanachama wa WHO zilipitisha mpango wa kidunia kuhusu kifafa na magonjwa mengine ya mfumo wa fahamu, unaofika hadi 2031. Mpango mzuri, nimeusoma. Lakini mpango haukai kaunta. Anayekaa kaunta ni bosi, mteja mwenye haraka, na mimi. Kwa hiyo mnaposema "serikali ifanye", ifanye ndiyo, ila kile kijiko hakikutoka serikalini.

Kuna kundi jingine nalo lazima nilisemee, la watu wema wanaotufariji. "Usijali dada, hata Dostoevsky alikuwa na kifafa na akaandika vitabu vikubwa." Asanteni. Dostoevsky nimemsikia. Lakini kwa nini mimi nidaiwe riwaya za kurasa mia nane ndipo nistahili kukaa kwenye kiti cha kuzunguka? Mbona asiye na kifafa hadaiwi? Nataka ruhusa ya kuwa mfanyakazi wa kawaida. Nichelewe siku moja kwa sababu ya foleni, niguswe kidogo na bosi, nisahau kuambatanisha faili, nichukiwe kwa sababu ya mdomo wangu na wala si kwa sababu ya ubongo wangu. Hiyo ndiyo haki ninayoitafuta. Ukubwa wa ajabu baki nao.

Na sisi wenyewe wenye kifafa? Sisi nasi tusikilizane. Nilimdanganya yule mama. Nilimuweka mwenzangu wa zamu kwenye hatari ya kuniona nikifa mbele yake bila kujua afanye nini. Yule dada alilia wiki nzima, na mpaka leo tukikutana ananishika mkono kwanza kabla hajanisalimia. Hakuwa na kosa lolote. Siri yangu ilimwangukia yeye. Hilo wanaoshauri "ficha, ukishapata utaona mbele ya safari" hawalihesabu. Mbele ya safari kuna mtu mwingine amesimama.

Hata hivyo, sitamwambia kila mwenye kifafa anayesoma hapa aende kesho akatangaze. Hapana. Mwenye watoto watatu na kodi ya chumba, ambaye akisema leo analala nje leo, sina ujasiri wa kumhubiria. Mimi nina mama wa kurudi kwake na shamba la mpunga. Yeye hana. Lawama yangu simpelekei aliyejificha. Naipeleka kwa aliyemkalisha pale.

Kwa hiyo wewe mwenye ofisi, mwenye duka, mwenye hiyo fomu: lifute hilo swali. Usiulize nina ugonjwa gani. Uliza hivi: "Unahitaji nini ili ufanye kazi hii vizuri na kwa usalama?" Muulize kila mtu, mwenye kifafa, mwenye mimba, mwenye mguu mbovu, mwenye mtoto mdogo, na yule mzima kabisa anayekaa Chanika na lazima aamke saa tisa. Mpe mistari mitano ajibu. Utashangaa utakayoyajua, na utashangaa jinsi yalivyo madogo.

Haya, jua linazama na mbu wa hapa kimbwetani hawana huruma. Rumeti amepita, amesoma juu ya bega langu, akasema, "Wewe una wazimu." Halafu akakaa. Nadhani hilo ndilo jibu lake.

Fomu nimeijaza. Nimezungushia NDIYO kwa kalamu ya wino, si penseli. Kale kamstari hakakutosha, nikaandika pembeni, nikageuza karatasi nikaandika na nyuma: ugonjwa, dawa, mara ya mwisho kuanguka, vitu vyangu vitatu, na somo la dakika tano. Chini kabisa nimeandika kwamba mashine ya fotokopi ikikwama waniite.

Sijui watasema nini. Wakikataa nitakuja hapa kuwaambia, na wakikubali nitakuja pia. Mama sijampigia bado. Naomba mmwombee yeye kuliko mimi.

Sasa ni saa mbili kasoro dakika kumi. Nameza dawa yangu hapahapa, mbele za watu, kwa maji ya chupa. Halafu nakwenda kulala mapema, desa zitanisubiri asubuhi.

Alamsiki.